Mbele ya kununua apareyi ya masikio, ulizeni pia habari ya muziki

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalogusa nyumba nyingi za watu wa mine, lakini linasemwa kidogo: mutu ambaye masikio yamepunguka nguvu, na ambaye angali anapenda wimbo.

Munajua namna mambo yanavyoenda. Baba alifanya kazi miaka makumi mawili karibu na mashini ya kuponda majiwe, ao na mashini ya kutoboa mu shimo, ao mu karakana ya vyuma. Kidogo kidogo anaanza kuuliza: « Umesema nini? » Radio inapandishwa, watoto wanachoka. Mwishoni jamaa inajikaza, wenye kazi wanachanga feza, wanamununulia apareyi ya masikio. Siku ya kwanza ni furaha. Baba anasikia mutu akipiga hodi, anasikia mama akimwita kutoka jikoni. Siku ya yenga anaivaa kwenda mu kanisa. Korali inasimama, ngoma inaanza, naye anasikia sawa vile watu wanapiganisha sahani za chuma. Sauti zinatetemeka, zinakatika. Anaitosha, anaitia mu mufuko. Kisha mwezi mumoja iko mu kabati.

Hapo maneno yanaanza. Watoto wanasema: « Tulitupa feza bure. » Baba anasema: « Yule muuzaji alitudanganya. » Mara nyingi hakuna mwenye kosa. Apareyi haikuharibika, na baba si mutu wa kukataa zawadi. Jambo ni hili: apareyi nyingi zinatengenezwa kwanza kwa ajili ya maneno. Muziki unahitaji kupangiwa fasi yake, na mwenye kununua ndiye anapaswa kuomba. Asipoomba, hapewi.

Basi tuangalie polepole ni juu ya nini, na ni maulizo gani ya kupeleka.

KELELE INAKULA NINI MU SIKIO

Ndani kabisa ya sikio muna kitu kidogo kilichojikunja sawa gamba la konokono. Humo mumepangwa chembe zenye nywele ndogo sana, karibu 15.000 kwa kila sikio. Ni hizo zinageuza mutetemeko wa sauti kuwa habari ya kupeleka ku ubongo. Zikikufa, haziote tena. Ndiyo maana hakuna dawa ya kunywa ao ya kudondosha itakayorudisha masikio yaliyokulwa na kelele, hata muuzaji wa soko akiapa mara kumi.

Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa utulivu, wakiachana metre moja, ni desibeli 60 ao 65. Watu wa usalama wa kazi katika inchi nyingi wanaweka mupaka ku 85 kwa saa 8 za kazi. Kwa hesabu ambayo wengi wanafuata, kila ikipanda 3, saa zinakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15 tu. Mashini ya kutoboa majiwe inapita 100. Mufanye wenyewe hesabu ya mutu aliyefanya kazi nayo miaka mingi pasipo kufunika masikio.

Kelele ya namna hii haiharibu sikio lote mara moja. Inaanzia fasi moja, karibu na hezi 4.000, ni kusema ku sauti nyembamba. Tukamate mufano wa piano. Piano ina vidude 88 vya kugusa, na kile cha mwisho upande wa kuume, chenye sauti nyembamba kuliko vyote, kinatoa hezi 4.186. Basi ni pale juu kabisa pa piano ndipo sikio la mufanya kazi linaanza kutoboka.

Kwa hiyo ngoma anaisikia. Besi anaisikia. Lakini sauti za S, F, T na K zinapotea mu maneno, na ndiyo maana anawaambia watoto: « Museme, musinong'one. » Mu muziki anapoteza ule mungaro wa nyuzi za gitare, mulio wa visanza, na maneno ambayo masoprano wanaimba. Wimbo unabaki, lakini ni sawa picha iliyofutika rangi.

Kuna jambo lingine ambalo jamaa nyingi hazilifahamu. Sauti ndogo haimufikie muzee, lakini sauti kubwa inamuumiza upesi. Unamwita mara tatu, haitike. Unapandisha sauti, naye anakasirika: « Juu ya nini unanipigia kelele? Mimi si kiziwi! » Hasemi uongo. Nafasi kati ya sauti isiyosikiwa na sauti inayoumiza imekuwa nyembamba. Mulikumbuke jambo hili, maana tutalihitaji mbele kidogo.

APAREYI INASAIDIA MANENO, LAKINI WIMBO?

Apareyi ya leo iko na mikro ndogo inayokamata sauti, ordinateri ndogo inayoitengeneza, na bafle ndogo sana inayoitia mu sikio. Kazi zote ambazo ile ordinateri inafanya kwa ajili ya maneno ni nzuri. Lakini kazi hizo hizo zinaweza kuvunja wimbo. Tuzihesabu.

Ya kwanza ni mulango wa kuingilia. Mutu akipiga kelele karibu nawe, ni karibu desibeli 80 ao 85. Korali pamoja na ngoma na bafle za umeme inaweza kufika 100 na kupita. Apareyi nyingi za tangu miaka ya 1990, wakati apareyi za hesabu za ordinateri zilipotokea, zilipangwa kupokea hadi karibu 96 tu, kwa sababu maneno hayahitaji kupita hapo. Ukimwanga maji ya ndoo mara moja mu chupa yenye shingo nyembamba, mengi yanamwangika inje. Wimbo wenye nguvu unafanywa vivyo hivyo: vilele vya sauti vinakatwa pale pa kuingilia. Na hapa watu wengi wanapotea. Wanapunguza sauti ya apareyi, wakifikiri itatengenea. Haitengenee. Unapunguza maji yaliyo mu chupa, lakini yaliyomwangika hayarudi. Siku hizi kuna apareyi ambazo mulango wao umeinuliwa kupita desibeli 110, na hizo ndizo mupenda muziki anapaswa kutafuta.

Ya pili ni kuzima kelele. Apareyi inawaza hivi: sauti inayopanda na kushuka upesi ni maneno; sauti inayobaki sawasawa ni kelele ya motere ao ya vantilatere. Mu njia inamusaidia mutu sana. Lakini mutu wa kinanda akishika sauti moja ndefu, ao korali ikivuta « Amina » ya mwisho, apareyi inafikiri ni motere. Inaanza kuipunguza. Muzee anasikia « Amina » ikizama mu maji.

Ya tatu ni kuzima filimbi. Munajua ule mulio wa « fiii » unaotoka apareyi ikikaa vibaya mu sikio. Kuna ufundi ndani yake wa kuusaka na kuukata. Lakini filimbi ya kweli, violo, ao sauti nyembamba ya kinanda inafanana nao. Apareyi inaipiga vita, na mwenye kuvaa anasikia mutetemeko wa ajabu ao mulio mwingine unaofuata nyuma ya noti.

Ya ine ni kusawazisha. Kwa sababu ya ile nafasi nyembamba tuliyoisema, apareyi inainua sana sauti ndogo, na inainua kidogo tu sauti kubwa. Kwa maneno ni lazima. Kwa wimbo inapaswa kufanywa kwa kiasi. Muwaze Missa Luba, iliyotengenezwa Kamina na Padri Guido Haazen pamoja na korali yake Les Troubadours du Roi Baudouin, na kuimbwa mu misa huko mwaka wa 1958. Sauti moja inaita peke yake, kisha korali nzima inaitika, na ngoma inaingia. Nguvu yake yote iko mu ule mupando. Mukisawazisha kupita kiasi, yule anayeita na wale wanaoitika wanakuwa na nguvu moja, sawa udongo uliopitishwa na tingatinga.

Ya tano ni kushusha sauti nyembamba. Apareyi zingine zinakamata sauti za juu ambazo sikio haliwezi tena, zinazishusha chini kidogo ili mutu asikie S na F. Kwa maneno inaweza kusaidia. Kwa muziki noti zinahama fasi yao, na mutu anasikia korali inapotosha wimbo, hata kama waimbaji wanaimba sawa.

Ya sita ni kuelekeza mikro mbele. Ukizungumza na mutu mu soko, ni vizuri apareyi isikilize mbele yako na kuacha pembeni. Lakini mwimbaji wa tenori anahitaji kusikia jirani wa kuume na wa kushoto, na kinanda kilicho nyuma. Ukimufungia pembeni, anaimba peke yake.

Munaona? Si ubaya wa apareyi. Inafanya kile ilichoambiwa. Kazi ni kuiambia kitu kingine wakati wa wimbo.

MUNGANGA KWANZA

Mbele ya kuzungumza bei, mutu apite kwa munganga wa masikio, pua na koo, yule ambaye hospitali zinamwita ORL. Pengine sikio limejaa nta tu. Pengine kuna usaha wa siku nyingi, ao ngozi ya ngoma ya sikio imetoboka. Hayo yanatunzwa kwa njia nyingine. Na mutu akipoteza sikio moja kwa gafula, kwa siku moja ao mbili, asingojee mwisho wa mwezi. Aende hospitali siku ile ile, maana dawa inasaidia zaidi ikianzwa mapema.

Kisha apimwe masikio yote mawili mu chumba cha utulivu. Wanampa karatasi yenye mustari unaoshuka, inayoitwa odiograme. Muombe kopi, muichunge pamoja na karatasi za muhimu za nyumba. Upande wa kushoto wa karatasi ni sauti nene, upande wa kuume ni sauti nyembamba. Na kadiri mustari unavyoshuka, ndivyo sikio lilivyopoteza. Kwa watu wa kelele, mara nyingi mutaona mustari umeanguka karibu na 4.000.

Mujihazari na vile vidude vya bei ndogo vinavyouzwa mu soko bila kupimwa masikio. Vingi vyavyo vinapandisha sauti zote sawasawa: besi ambayo muzee angali anaisikia vizuri, pamoja na sauti nyembamba asiyoisikia. Ni sawa kuvaa manati ya mutu mwingine. Na vyenye nguvu sana vinaweza kuumiza chembe zilizobaki.

MAULIZO SABA YA KUPELEKA KWA FUNDI

Muandike maulizo haya ku karatasi. Kijana aende pamoja na muzee, aulize, aandike majibu.

1. Je, iko na programu ya muziki, kando ya programu ya maneno? Apareyi moja inaweza kuchunga programu mbili, tatu ao ine, na mutu anabadilisha kwa kugusa kidude ao kwa simu. Lakini musitosheke na jina « muziki » lililoandikwa ku sanduku. Muulize: « Mu programu hiyo mumezima nini? » Fundi mwema atajibu: kuzima kelele kumefungwa, kuzima filimbi kumefungwa ao kumeregezwa, kushusha sauti nyembamba kumefungwa, mikro inasikiliza pande zote, na kusawazisha ni kwa kiasi. Akiwaambia tu « ni otomatiki », muombe aifungue mu ordinateri yake, muone.

2. Mulango wake unapokea hadi desibeli ngapi pasipo kuharibu? Mutengenezaji anaijua hesabu hiyo. Fundi asipoijua, anaweza kuuliza. Kwa mutu wa korali na ngoma, hesabu hii inapita uzuri wa sura ya apareyi.

3. Kizibo cha sikio ni cha namna gani? Kuna vizibo vyepesi vyenye matundu, vinavyoacha sikio wazi. Mutu ambaye angali anasikia besi vizuri anavipenda, kwa sababu ngoma inaingia yenyewe. Lakini kama besi nayo imepungua, kizibo wazi kinaacha besi ya apareyi ikimbie inje, na wimbo unabaki mwembamba. Huyo atahitaji kizibo kilichotengenezwa kwa kipimo cha sikio lake mwenyewe. Kizibo kinachokaa vizuri kinapunguza pia ile filimbi, na hapo fundi anaweza kufunga ufundi wa kuizima bila woga.

4. Iko na telekoili, ao inashikana na simu? Telekoili ni waya ndogo iliyozungushwa ndani ya apareyi. Ikiwa mu jumba mumewekwa waya yake maalum, inayoshikana na mikro za watu wanaosema na kuimba, sauti inaingia moja kwa moja mu apareyi, bila mwangwi wa ukuta na bila kikohozi cha jirani. Wazee wa kanisa wanaojenga jumba jipya wanaweza kulifikiri hilo mapema. Apareyi nyingi za leo zinashikana pia na simu, na mutu anasikiliza nyimbo pasipo kusumbua nyumba. Lakini mujue kama ile bafle ndogo, ikiwa kizibo ni wazi, haitoe besi nzito.

5. Inakula nini? Zingine zinatumia pile ndogo za mviringo, zinazopewa namba na rangi: 10 ni manjano, 312 ni kahawia, 13 ni rangi ya machungwa, 675 ni bluu. Kadiri apareyi ilivyo ndogo, ndivyo pile yake inavyoisha upesi. Ile ya namba 312 mara nyingi inakaa karibu yuma moja. Ukishaondoa karatasi yake, inaanza kazi hata usipoitumia, basi usifungue mbili mara moja. Apareyi zingine zinajazwa umeme usiku. Hapo kila jamaa ijue mutaa wake: pale umeme unapokatika siku mbili tatu, pile ni heri, ao muwe na njia nyingine ya kujaza. Lakini kwanza mujue kama pile za namba ile zinapatikana mu muji wenu.

6. Tutarudi mara ngapi? Apareyi haitengenezwi kwa siku moja. Fundi anapaswa kupima sauti ndani ya sikio lenyewe, kwa kitubo chembamba cha mikro, wala si kukisia tu. Kisha mutu anaivaa siku kumi na tano, anarudi, anaeleza, wanageuza. Muulize kama marudio yale yako ndani ya bei ao yanalipwa kando, na kama wanakubali kurudisha ikishindikana. Muipate ku karatasi, yenye tarehe.

7. Ni moja ao mbili? Masikio mawili yakiwa yamepunguka, apareyi mbili zinasaidia kujua sauti inatoka wapi, na muziki unapata upana. Lakini feza ni feza. Kama jamaa inaweza kununua moja tu nzuri, iliyopangwa vizuri, yenye fundi wa kuifuata, inapita mbili zinazolala mu kabati.

MUPELEKE WIMBO WENU

Jambo hili ni rahisi, halina bei, na karibu hakuna anayelifanya. Siku ya kujaribu, musikubali kupimwa kwa « moja, mbili, tatu, munanisikia? » peke yake. Mupeleke muziki ambao muzee anaujua mu moyo: kaseti ya zamani, simu yenye nyimbo, gitare yenyewe. Mutu anayejua wimbo tangu ujana ndiye anajua ni nini imepotea ndani yake.

Kwa sisi wa Katanga, gitare ya Mwenda Jean-Bosco ni kipimo kizuri sana. Mutu huyu wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey alimurekodi ku Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka wa 1952, alipiga kwa vidole viwili: kidole gumba kinashika besi, kidole cha pili kinaimba juu. Muzee asikilize. Je, anasikia vile vidole viwili kando kando, ao ni kitu kimoja kimechanganyika? Kama kidole cha juu kimepotea, fundi aongeze sauti nyembamba. Kama kinachoma sikio, apunguze kidogo. Kama nyuzi zinatetemeka vibaya, ni ule ufundi wa kuzima filimbi haujafungwa.

Kisha jaribu la pili: sauti ndefu. Mutu aimbe « aaa » muda wa pumzi moja, pasipo kupandisha wala kushusha. Sauti ikizama yenyewe, kuzima kelele kungali kunafanya kazi. Jaribu la tatu: wimbo wa korali nzima, kwanza kwa sauti ya kadiri, kisha kwa nguvu ya siku ya yenga. Ikiharibika tu wakati wa nguvu, ulizo ni lile la mulango wa kuingilia.

Muandike kila kitu kwa maneno ya kawaida: « Kinanda kinalia sawa kopo », « sauti yangu mwenyewe inalia mu pipa ». Fundi anayejua kazi anafahamu maneno hayo kuliko munavyofikiri.

KAMA APAREYI IKO TAYARI MU KABATI

Musiitupe. Kwanza murudi kwa fundi, muombe programu ya muziki. Apareyi nyingi ziko nayo, lakini haijafunguliwa. Mukingojea, kuna njia tatu za nyumbani.

Mupunguze radio, mupandishe apareyi. Watu wanafanya kinyume. Radio ikiwa ya nguvu sana, mulango wa kuingilia unajaa. Ikishuka, sauti inapita nzima, na apareyi yenyewe inaiinua.

Wakati wa muziki mukubwa, mubandike kipande cha skoci juu ya tundu la mikro, tabaka mbili ao tatu. Inapunguza sauti mbele ya kuingia. Kisha ibada muitoshe, kwa sababu na maneno yatapunguka. Musitie gundi nyingine, na musizibe tundu la pile, maana zile pile zinahitaji hewa.

Na mara zingine, mbele ya korali kubwa, muzee aitoshe tu. Kwa mutu ambaye hajapoteza mingi, muziki wa nguvu unamufikia bila msaada. Akae mbali ya bafle.

Tena muitunze. Vumbi la mutaa wa mine na jasho ni adui zake. Kila jioni muipanguze kwa kitambaa kikavu, mufungue mulango wa pile, muilaze mu kopo lililofungwa lenye vile vifuko vya kukausha vinavyotoka mu sanduku za viatu. Watoto wadogo wasifikie pile: mutoto akimeza moja, ni mbio hospitali.

UKWELI AMBAO JAMAA INAPASWA KUJUA

Apareyi haifanye sikio jipya. Pale chembe zimekufa kabisa, kupandisha sauti hakuleti wimbo. Kunaleta kelele tu. Kwa mutu wa namna hiyo, fundi mwema anapunguza zile sauti za juu ambazo sikio haliwezi tena, naye anapata wimbo mudogo lakini safi. Ubongo nao unahitaji muda. Muzee aliyekaa miaka kumi bila kusikia visanza, siku ya kwanza vitamuchoma. Aanze na wimbo mumoja wa gitare na sauti moja, dakika chache kila siku, mu chumba cha utulivu. Korali nzima itafuata kisha mayuma.

Jamaa nayo iko na kazi. Mukae mbele yake mukisema, aone midomo. Musipige kelele, museme polepole. Mu korali mumuweke karibu na wenye sauti yake, mumupe maneno ya wimbo yaliyoandikwa, na mukubwa wa korali amuonyeshe mwanzo kwa mukono. Mutu anayeacha kuimba anaacha kisha kukutana na watu, anaacha mazungumzo, anabaki mu kiti chake. Upweke huo ni mubaya kuliko uziwi wenyewe.

Na ninyi vijana, musifikiri hii ni habari ya wazee. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilisema mwaka wa 2021 kama watu zaidi ya milioni 1.500 duniani wanaishi na masikio yaliyopunguka kwa kadiri moja ao ingine. Linashauri sauti isipite desibeli 80 kwa saa 40 mu yuma moja. Weye unayesimama mbele ya bafle kila jioni ya mazoezi, weye mupiga ngoma, weye unayelala na ekutere mu masikio, na weye unayechimba kwa mashini pasipo kufunika masikio kwa sababu « inanisumbua »: chembe zako ni 15.000 tu kwa kila sikio, na hakuna magazini inayoziuza. Vizibo vya povu vya kuvaa ku kazi ni vya bei ndogo sana kushinda apareyi. Mukitoka ku mazoezi masikio yanalia « nziii », hiyo ni onyo.

Basi, wapenzi wasomaji, mukikaa kuchanga feza kwa ajili ya masikio ya baba, ya mama ao ya nkambo, musiulize tu: « Atasikia tukimwita? » Muulize pia: « Atasikia tukiimba? » Mukate maulizo saba ya ukurasa huu, muyatie mu mufuko pamoja na odiograme, na gitare ku bega. Kuuliza si ujinga.

Tuonane mwezi ujao.